Maharagwe ya Kageha

Alhamisi, mwezi wa Julai, 1956

Jua halikutoka leo. Ukungu umelala juu ya mabati tangu alfajiri na baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mifupa. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mume wangu, Baba Timona, yuko jikoni kwa bwana wake akipika chakula cha jioni, hatarudi huku kota, kwenye vyumba vya watumishi, mpaka amalize vyombo. Nina nafasi ya kuandika, ingawa mkono hautaki.

Nimekosa, daftari langu. Nimekosa nikiwa nafundisha.

Nianze mwanzo, maana nikiandika kwa kurukaruka hata mimi sitajielewa siku nikirudi kusoma.

Wiki hii darasa langu la watoto wadogo, kule kanisani Kabiria, tunajifunza habari za jamaa. Kanisa lilinipa picha kubwa ya kubandika ukutani. Baba amekaa mezani amevaa tai, mama anamimina chai, mvulana na msichana wamenyoosha migongo, paka yuko chini ya kiti. Jumatatu niliwauliza watoto, hawa ni nani? Mmoja akajibu, "Ni Wazungu weusi." Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa leso. Baadaye nikaitazama tena ile picha, nikawatazama watoto mmoja mmoja, nikaona hakuna hata mmoja ambaye kwao ni vile. Hata kwangu mimi mwalimu si vile.

Nikaibandua. Jumanne nikaja na maharagwe kwenye kikopo.

Nikawaambia kila mtoto achukue haragwe moja kwa kila mtu wa kwao, ayapange juu ya benchi, kisha atuambie ni akina nani. Ee, nilifurahi siku ile! Salimu, ambaye baba yake alitoka Mombasa akafungua duka pale barabarani, aliweka haragwe moja nene na mawili pembeni yake. "Huyu baba. Huyu mama mkubwa. Huyu mama mdogo, ndiye anajua mahamri." Mimi nimelelewa katika kanisa lisilotaka kusikia habari za wake wawili, nikameza mate. Wenzake wao waliuliza tu kama mahamri yana iliki. Halafu msichana mmoja akaweka haragwe lake la mwisho chini sakafuni, mbali na mengine. "Baba alichukuliwa na lori." Hakuna aliyecheka. Siku hizi za Hali ya Hatari watoto wote wanajua ni lori gani la askari.

Hapo ndipo nilipoyasema yale maneno. Niliwaambia hakuna jamaa ya kuonea haya, zote Mungu anaziona na zote anazipenda. Sema ya kwenu kama ilivyo. Nikayarudia mara tatu, wakaitikia kama wimbo.

Wakasema, "Na wewe, Mwalimu!" Nikapanga maharagwe sita kwa mstari mmoja, yamegusana: Baba Timona, mimi, na watoto wetu wanne. Salimu akauliza, "Hao watoto wako wako wapi? Hatujawaona." Nikasema wako nyumbani. Wakadhani ni nyumbani hapa Woodley, nami nikawaacha wadhani. Wanangu wako Maragoli kwa bibi yao, na mimi huwaona mwezi wa Desemba tu.

Hivyo aliyedanganya kwanza kwa maharagwe ni mimi.

Sasa Kageha. Ana miaka mitano. Ni mtoto wa Robai, yaya wa nyumba inayopakana na hii ya bwana wetu. Robai ni mjane, na bibi aliyekuwa akimlea Kageha kule kwetu alizikwa Februari. Hakubaki mtu wa kumwachia mtoto, mashemeji walitaka shamba tu. Robai akapanda naye treni, akamleta, akamficha. Memsahib wake alimwambia tangu siku ya kwanza ya kazi kwamba hataki mtoto wa mtumishi kwenye kota, hata wa kutembelea. Basi Kageha hulala chumbani kwa mama yake, na alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka, Robai humpitisha kwenye tundu la ua wa kayaba, ule wa miiba, mimi nikimpokea upande huu. Tunakwenda Kabiria pamoja kwa miguu. Namkalisha huko mpaka alasiri, kisha anarudi kwa tundu lile lile. Robai anashinda amebeba mtoto wa memsahib.

Baba Timona hajui. Alfajiri ile yeye ameshakwenda kuwasha jiko la bwana.

Na aliyemfundisha Kageha la kujibu ni mimi. "Ukiulizwa unakaa wapi, sema Kawangware kwa shangazi." Nilimkaririsha njiani, kwenda na kurudi, mpaka akalisema bila kupepesa macho. Jumanne alipanga maharagwe matatu: shangazi, mama, mimi. Alipomaliza alinitazama, nikamwitikia kwa kichwa kumpongeza.

Leo ilikuwa siku ya Memsahib wa Maziwa. Ndivyo watoto wanavyomwita. Kila Alhamisi hutoka Karen na gari lake dogo la kijivu, analeta makopo ya maziwa ya unga kwa ajili ya darasa. Ni mtu wa moyo mwema, sitaki kuandika vibaya juu yake. Nilitaka ayaone maharagwe yangu. Nilitaka asifu. Nakiri hapa mbele ya Mungu, ilikuwa majivuno.

Watoto wakapanga tena. Memsahib akapita benchi kwa benchi, akicheka nao kwa Kiswahili chake cha kuamrisha jikoni. Akafika kwa Kageha. Leo Kageha alikuwa ameomba maharagwe zaidi. Mawili yamebanana kabisa. Mawili meusi karibu yao. Na moja jeupe, mwisho kabisa wa benchi.

"Na wewe, toto? Nakaa wapi?"

Kageha akanigeukia. Alikuwa ananiuliza kwa macho. Na mimi, kichwa kimenivimba, nimesahau nililoliweka mwenyewe katika mdomo ule, nikamwambia, "Sema, Kageha. Sema ya kwenu kama ilivyo."

Uso wake uling'aa, jamani. Kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

"Huyu mama. Huyu mimi. Hawa mbwa, Simba na Topsi. Yule memsahib."

"Kwa nini memsahib nakaa mbali sana?"

"Kwa sababu hanijui. Mbwa wananijua. Nikipita hawabweki."

Memsahib wa Maziwa akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Simba na Topsi," akasema polepole. Anawajua. Kila Ijumaa saa kumi hunywa chai katika nyumba ile, na Robai ndiye humletea sinia. Akanitazama mimi. "Mwalimu. Hii toto nalala Woodley?"

Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Memsahib, maziwa yako tayari, yatapoa."

Ndilo jibu langu hilo. Miaka yangu yote kanisani.

Hakuuliza tena. Alimshika Kageha kichwani kidogo, akaingia garini, akaenda. Sijui amebeba nini moyoni. Labda atanyamaza. Labda atafikiri anamsaidia mwenzake kwa kumwambia. Kesho ni Ijumaa.

Njiani kurudi Kageha alikuwa anarukaruka, ameyafumbata maharagwe yake mkononi. "Mwalimu, nimesema vizuri?"

Nikamwambia amesema vizuri.

Nilimwacha chumbani kwangu na kiazi kitamu, mara ya kwanza kuthubutu hivyo, nikaenda kumtafuta Robai. Alasiri mayaya hukaa pale kwenye nyasi za kona, vigari vya watoto vimepangwa nyuma yao, wanapashana habari za nyumba zote za Woodley. Mmoja aliponiona akapaza sauti, "Haya, jifunikeni magoti, Mwalimu amekuja kutuandikisha shule!" Wakacheka. Robai naye alicheka, mpaka alipouona uso wangu. Akaja pembeni na mtoto wa memsahib kiunoni.

Nikamwambia yote, bila kujipunguzia.

Akampangusa yule mtoto makamasi kwa ncha ya aproni. Kisha akasema, "Mama Timona, miezi mitano mwanangu amesema shangazi. Hakukosea hata siku moja."

"Najua, dada. Ni mimi. Nilimwambia aseme kama ilivyo."

"Kama ilivyo." Akacheka, lakini si kicheko cha mtu aliyefurahi. "Wewe wako wana bibi yao wa kuwapikia uji. Ndiyo maana unaweza kuupenda ukweli. Mimi wangu ana nani?"

Nikasema nitakwenda mimi kwa memsahib wake, niseme kwamba mtoto ni wangu, kwamba ni mimi niliyemwingiza kwa siri.

"Utaongeza uongo mwingine juu ya ule?" Akamhamishia mtoto kiuno cha pili. "Hapana. Mimi nimechoka na tundu lile. Juzi mwiba wa kayaba ulimchana Kageha hapa, karibu na jicho. Akataka kulia. Nikamziba mdomo kwa mkono huu. Damu inatoka, na mimi nimemziba mdomo." Akautazama mkono wake. "Kesho saa nne, memsahib akimaliza kuandika barua zake, nitamshika mtoto mkono tusimame mlango wa jikoni. Habari hii asiisikie kwa mgeni wa chai. Akitaka kutufukuza, atufukuze ameshauona uso wa mtoto."

"Nitasimama na wewe."

"Utasimama, ndiyo. Nani mwingine?" Halafu akaniuliza, "Baba Timona anajua?"

Nikatazama nyasi.

"Basi mwambie leo. Bwana wako na bwana wangu huongea hapo hapo kwenye ua. Kesho adhuhuri watakuwa wamejua wote wawili."

Mtoto akaanza kulia. Robai akambembeleza kwa lugha ya kwetu, maneno yale yale mama yangu aliyonibembelezea, na yule mtoto wa Kizungu akanyamaza kama mtu aliyeelewa. Nikaondoka kabla machozi yangu hayajaonekana na wale wengine.

Nimeomba tangu nirudi. Nimepiga magoti mara mbili na mara mbili nimeinuka sijatulia. Amri ya kutoshuhudia uongo naifundisha kila Jumapili, najua hata watoto wataishiwa pumzi wapi wakiikariri. Lakini leo sijui nitubu lipi. Kumfundisha Kageha kuficha? Au kumfundisha kusema? Yote mawili nilimfundisha mimi, kwa sauti ile ile, na yeye akatii yote mawili. Mtoto hana kosa. Hilo nalijua, na ni hilo tu nililo na hakika nalo jioni hii.

Ninaogopa. Memsahib akikataa, Robai hana pa kwenda. Na hapa kwetu, bwana akisikia kwamba mke wa mpishi wake amekuwa akipenyeza watu kwenye ua, atasema nini? Baba Timona amepika katika jiko lile tangu Timona ananyonya. Ada za shule zinatoka mle. Ni mtu mpole, lakini upole wake umejengwa juu ya kutowahi kukosewa na mtu wala kumkosea mtu, na mimi nimemkosesha bila kumwambia.

Kesho watoto nitamwachia mke wa mchungaji. Saa nne nitakuwa kwenye mlango wa jikoni wa Robai, na nitapitia barabarani na getini, si kwenye kayaba.

Kageha amepita tundu tena jioni hii, labda kwa mara ya mwisho, kwa heri au kwa shari. Kabla hajainama alinifungulia kiganja. "Niwekee, Mwalimu. Yasipotee." Maharagwe yake matano, yana jasho.

Nimeyapanga hapa mezani kama alivyoyapanga, lile jeupe nimeliacha mbali. Kisha nikachukua sita ya kwangu kutoka kwenye mkebe. Mawili nimeyaweka karibu na daftari. Manne nimeyapeleka mwisho wa meza, nyuma ya chupa ya mafuta ya taa, huko Maragoli. Ndivyo kwetu kulivyo.

Baba Timona akirudi atakuta jiko limepoa na maharagwe yamesimama mistari juu ya meza, na ataniuliza mbona hayako sufuriani.

Nitaanzia hapo.