Kikaragosi Anayetembea Kama Baba

Nyumbani,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Desemba

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima, na zangu uziweke juu. U hali gani na baridi ya huko? Shemeji je, kile kikohozi kimemwachia? Na Kibonge wenu, bado anagoma kuvaa viatu? Sisi tuko salama. Presha ya Mama imetulia, ila anasema uache kumtumia picha za theluji, zinamtia homa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umejaa nyongo, na leo nakumiminia wewe kwa kuwa uko mbali na huwezi kunikatiza.

Uliniuliza masomo yanakwendaje. Chuo chetu ni chumba chenye mapazia meusi, meza zinazoyumba na watu wanaojiona. Tunajifunza kuwatembeza vikaragosi. Unamsogeza kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena, unapiga tena, mpaka kiuno kikatike. Kisha picha zinakimbizwa pamoja na kikaragosi anaonekana anatembea mwenyewe. Kazi ya siku nzima inakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mwalimu tunamwita Bwana Skafu, maana haivui hata jua likiwaka. Kazi yake ni kutazama picha zetu, kufumba macho kama mtu aliyeshikwa na tumbo, na kuuliza uzito uko wapi, yaani mbona kikaragosi haonekani kukanyaga chini. Wenzangu huliandika swali hilo kila mara, utadhani limeshushwa kutoka mbinguni.

Hao wenzangu ndio usiseme. Kila mmoja alijirekodi akitembea ili kikaragosi wake amwige, na kila mmoja alitembea kama anayejua anatazamwa: kifua mbele, kidevu juu, mikono inapepea kama nguo kwenye kamba. Mmoja, tunamwita Kioo, alijipulizia manukato kwanza. Manukato, Kaka, kwa ajili ya kamera.

Mimi nikajiona mjanja. Nikasema nitamrekodi mtu anayejua kutembea kweli. Baba amefundisha gwaride mpaka kustaafu, na mimi na wewe tulivukishwa sebule hii mara ngapi kwa kosa la kuburuta ndala? Mtihani wa mwisho ulikuwa mwendo mmoja tu, wa kuonyeshwa mbele ya wazazi, na anayeshindwa anaondolewa darasani kwenda kuchora mabango. Sikuwa tayari kwenda kuchora mabango.

Baba, ambaye tangu nianze masomo haya huyaita mambo ya midoli, alikubali kwa masharti. Akapiga pasi suruali, akapaka viatu rangi, akamfukuza Mama sebuleni asije akamharibia mstari. Akatoka mlangoni hadi dirishani amenyooka kama rula, akageuka kwa kisigino, akarudi. Akaniambia nimpelekee huyo mwalimu wangu akajifunze.

Nikalitengeneza lile gwaride picha kwa picha, pini nyayoni, waya magotini. Bwana Skafu akafumba macho yake.

"Huyu hatembei," akasema. "Huyu anakaguliwa."

Darasa likacheka, Kioo akicheka kuliko wote. Nilimchukia Bwana Skafu kwa sababu alikuwa amesema kweli, na hata kuliandika hili kunanichoma.

Nikarudi kwenye video kutafuta cha kuokoa. Kumbe sikuwa nimezima kamera. Baba alipodhani tumemaliza, alingoja niiname kukunja nyaya, ndipo akaenda kwenye kiti chake. Niliitazama sehemu hiyo picha moja moja. Anashika goti kabla ya kunyanyua mguu wa kulia. Bega linashuka. Anaegemea meza, halafu kabati, halafu ukuta, na ule mguu anauburuta.

Tunaishi naye nyumba moja na sikuwa nimeona. Mama anasema naye hakuona. Kama aliona, basi anajua kunificha. Nilipomgusia Baba habari za daktari wa mifupa, aliniuliza kama nimemaliza midoli sasa nimehamia kwenye magoti.

Hapo nikawa njia panda. Kuonyesha gwaride ni kufeli. Kuonyesha ule mwendo wa pili ni kumvua nguo Baba mbele za watu, naye alikuwa amekwisha sema atakuja. Nilimdanganya kwamba wazazi hawalazimiki kuja. Akasema yeye halazimishwi na mtu, anakuja. Mwishowe nikautengeneza ule wa pili, nikamvalisha kikaragosi kofia na koti la mzee yeyote tu, nikijipa moyo kwamba hatajitambua.

Siku ilipofika ungewaona hao wazazi. Walipiga makofi kwa kila kitu. Kikaragosi wa Kioo alikatika mkono katikati ya safari, nao wakapiga makofi zaidi, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe. Baba alisimama ukutani, mikono nyuma, akimkatalia kila aliyemsogezea kiti, na uso wake ulisema wazi kwamba hajapata kuona upuuzi wa namna hii. Kwa hilo tulikuwa kitu kimoja.

Kisha ukaja mwendo wangu. Mzee wa kofia akatoka kwenye meza, akashika goti, akaburuta, akafika kabatini, akapumzika. Bwana Skafu hakufumba macho. Picha zinaishia njiani, mzee bado hajafika anakokwenda, maana muda ulinishinda. Kila kazi ilionyeshwa mara mbili, basi mwendo ukaanza tena: meza, goti, kabati.

Baba akasema kwa sauti yake ya uwanjani, "Mbona hakuna anayempa kiti mzee huyo?"

Sikuthubutu kugeuka. Nikasikia kiti kikivutwa sakafuni, na nilipotazama, Baba alikuwa ameketi mbele za watu wote, amelishika goti kwa mikono miwili.

Nimefaulu, usinipongeze. Njiani kurudi alinishika bega na hakuliachia mpaka mlangoni.

Msalimie Shemeji, mbusu Kibonge. Shangazi na jirani yetu fundi cherehani wanakusalimu. Mungu akulinde na akufungulie njia. Baba naye anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba hajambo kabisa. Usimwamini. Njoo umwone akitembea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Kitindamimba