Mtambo Tulioujenga na Onyango

Rangwe

Dada Mghoi,

Natumaini hapo Wundanyi mko salama na goti la mama limepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Uliponipigia ukaniuliza mbona nimekuwa kimya, nilikwambia mtandao unasumbua. Ukweli ni kwamba Onyango amefariki.

Ni yule mwalimu wa uchomeleaji aliyenipokea nilipokuja kufundisha useremala hapa chuoni. Ndiye alinitafutia nyumba, akanifundisha kula mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, bila kuogopa miiba. Aliugua ghafla, tukamkimbiza Homa Bay, hakurudi. Nilibeba jeneza, nikatupa udongo. Nilikuwa kama mtu anayetazama kazi ya wengine.

Wakati huo tulikuwa karibu kumaliza mtambo wa mashindano ya vyuo vya ufundi. Ni mtambo wa kurusha: mkono mrefu wa mbao, upande mmoja umefungwa pipa la mawe. Ukivuta kamba, pipa linaanguka, mkono unapaa na kurusha mfuko wa mchanga. Mbao ni zangu, vyuma ni vya Onyango. Baada ya mazishi, wanafunzi walikaa karakana bila kugusa kitu. Mwishowe Akinyi, nahodha wa timu, akaja akaniambia tukienda watu watasema hatuna huruma, na tusipoenda mtambo utaozea hapo. Alitaka niamue. Nikamwambia twende, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Mashindano yalikuwa Homa Bay, kwenye uwanja wa shule. Timu ya Sindo ndiyo ilitutisha. Ni watoto wa mafundi wa mashua, kamba wanazijua. Waliposikia habari zetu walikuja kutupa pole mmoja mmoja, kisha wakarudi kwao na kurusha mbali kuliko wote. Sisi mfuko wetu wa kwanza ulienda nyuma, watu wakakimbia. Akinyi akapunguza mawe, akafupisha kamba. Wa mwisho ukapita alama ya Sindo. Wanafunzi walikumbatiana wakilia. Mimi nilianza kukunja kamba.

Ndipo nikamwona Mama Achieng, mke wa Onyango. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na leso yake ya msiba. Sikujua kama angekuja. Alizunguka mtambo, akashika vile vyuma, akaniuliza:

"Mwalimu, ni hiki ndicho kilikuwa kinamchelewesha kuja nyumbani?"

Nikamjibu ndicho. Akaomba avute. Wanafunzi wakaweka mfuko, yeye akavuta kamba kwa mikono miwili, mfuko ukaruka juu sana. Akacheka. Wote wakacheka naye. Mimi nilisubiri kitu kinijie, hakikuja.

Tulipokuwa tunapakia pikapu akaniuliza kama nimelia. Nikasema bado. Akasema nije kwake Jumapili nile.

Nilienda, dada. Alipika kuku na ugali, akaketi mbele yangu. "Sasa nieleze," akasema. "Asubuhi alikuwa anaanza na nini?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba Onyango alikuwa anafagia karakana mwenyewe kabla wanafunzi hawajafika. Kwamba alikuwa anaimba nyimbo za kanisa akichomelea, na chini ya ile kofia ya chuma sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nikataka kumwonyesha alivyokuwa anaimba. Nilipofungua mdomo, nikalia hapo mezani mpaka ugali ukapoa. Mama Achieng hakuninyamazisha. Alichukua sahani yangu, akaenda kuipasha moto.

Mama mweleze polepole, asije akafikiri mimi ndiye mgonjwa. Nisalimie shemeji na wanao, na mjomba anayetuchungia mbuzi. Shule zikifungwa nitakuja. Ukinipigia kabla ya hapo, nitaongea.

Mdogo wako,
Mwakio