Nyumba Namba Kumi na Saba

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute umekula, umelala, na ule mgongo wako umeacha kulalamika. Mama hajambo. Mimi pia sijambo, ila macho yananiwasha kwa kukaa mbele ya kompyuta. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanijua: nikibanwa nacheka, nikishacheka nimeponyoka. Leo sitaki kuponyoka.

Mara ya mwisho uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana umewaambia wenzako kwamba mdogo wako anasomea vyoo. Hukukosea sana. Kila nyumba mtaani kwetu ina tangi lake la maji taka chini ya ardhi. Vizito vinatuama, maji yanayobaki juu yanatoka kwa bomba la upande wa pili, yanapita kwenye chemba na kuzama ardhini, na ardhi hiyohiyo ndiyo yenye visima vya watu. Maabara yetu inataka kujua maji hayo yanatoka na uchafu kiasi gani, bila kwenda kufunua chemba ya kila mtu. Kwa hiyo tumetengeneza modeli, yaani hesabu ndani ya kompyuta. Unaipa ukubwa wa tangi, lilinyonywa lini mara ya mwisho na nyumba ina watu wangapi, nayo inakuambia maji yatakuwaje. Kisha tunapima maji yenyewe katika nyumba arobaini, tuone kama hesabu inasema kweli.

Mtaa wetu ulipochaguliwa, niliomba mwenzangu ndiye aende. Si unamjua jirani yetu fundi cherehani? Angeniona nimeinama juu ya chemba na glavu hadi kwenye viwiko, na mtaa mzima ungepata habari kabla sijanawa. Mwenzangu huyo ni mrefu mno, tunamwita Ngazi. Alijaza fomu, akachota maji kwenye chupa, na ndani ya chemba akafunga kifaa kidogo kinachohesabu maji yanayopita kila saa, akakiacha wiki tatu. Nyumba tunaziita kwa namba tu, ili siri ya mtu ibaki yake.

Nyumba thelathini na tisa zilikubaliana na hesabu, nyingine kwa kunung'unika. Namba kumi na saba iligoma kabisa. Modeli ilisema watu wanne watatoa maji yenye ukungu, karibu lita mia tatu kwa siku. Chupa ya Ngazi ilikuwa na maji maangavu kuliko zote, na kifaa kilihesabu lita sitini, tena siku zikiwa nzuri. Mimi na kiherehere changu nikamshuku Ngazi kwamba alichota maji ya mvua. Alinuna, akanirudishia glavu alizokuwa ameazima kwangu, tukakaa siku mbili bila kusalimiana. Mkuu wa maabara, mama mmoja mpole asiyependa kelele, alitusuluhisha. Alisema nyumba ikigoma tuishuku hesabu kwanza, halafu chupa, na hivyo vikiwa salama twende tukamuulize mwenye nyumba upya. Hesabu ilikuwa salama, chupa zilikuwa safi. Basi nikafungua daftari la anwani.

Kaka, ilikuwa nyumba yetu.

Nilienda Jumamosi bila kuaga. Mama alifurahi mpaka akanitilia sukari kwenye chai mara mbili. Kando ya sinki sahani moja ilikuwa inakauka, na kijiko kimoja. Nilipomuuliza kwa nini alimwambia mtu wa maabara kwamba wapo watu wanne, alishangaa mimi kushangaa. Alisema yule kijana mrefu aliuliza nyumba ina watu wangapi, wala hakuuliza wangapi walilala humo jana. Akanihesabia kwa vidole: yeye, Baba, wewe, mimi. Nikamkumbusha taratibu kwamba Baba ametutoka, huu mwaka wa nane. Akaniuliza kama nimekuja kumhamisha Baba. Kisha akanieleza, kana kwamba mimi ni mgeni, kwamba tangi lenyewe Baba alilijenga kwa mikono yake, kubwa la kutosha watu kumi, kwa ajili ya wajukuu ambao mimi na wewe tunachelewa kuwaleta. Nikanywa chai yangu tamu.

Jumatatu nikafuta wanne, nikaandika mmoja. Mstari wa hesabu ukashuka, ukakaa juu ya vipimo kama mfuniko uliopata sufuria yake. Maji ya mtu mmoja hukaa siku nyingi mno kwenye tangi la watu kumi, kila kizito kinapata muda wa kutuama, ndiyo maana yalitoka maangavu vile. Ngazi alipiga makofi, tukapatana. Mkuu alinisifu. Mimi nikaenda msalani nikalia, kwa kuwa nilikuwa nimeona upweke wa mama yangu umepimwa kwa lita.

Najua umeshajiuliza iweje awe mmoja. Nivumilie kidogo, kwa sababu kuna jambo jingine unalopaswa kulisikia kwanza.

Nilipitia rekodi za kile kifaa saa kwa saa. Siku zote Mama huosha vyombo saa tatu asubuhi na kufua saa nne. Hata kifaa kilikuwa kimeshamzoea. Lakini Jumapili ya pili maji yalipita saa moja asubuhi, kisha hakuna hata tone mpaka saa tisa alasiri. Nilimpigia nikamuuliza, akasema alijipumzisha. Mama, kujipumzisha mchana! Nikaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani. Alisema alikuwa ameahidi kunyamaza, ila ahadi yenyewe ilikuwa inamnyima usingizi. Mama aliteleza bafuni, nyonga ikakataa kuinuka, akakaa sakafuni saa zote hizo mpaka fundi alipomletea gauni lake na kusikia sauti inaita. Usiruke kwenye kiti. Nimempeleka hospitali, mfupa haukuvunjika, anatembea, na anakaripia watu kama kawaida yake.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Siku ulipoondoka, pale mlangoni, uliniomba jambo moja tu: nisimwache Mama peke yake. Nikakuapia. Mwaka mmoja na nusu uliopita nilihamia chumba cha kupanga karibu na maabara. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu, kwa sababu ya umbali. Umbali haukuwa sababu. Baada ya Baba, kisha wewe, nyumba ilinishinda kwa ukimya. Mama mwenyewe alinikunjia mashuka, akanionya nisikuambie, usije ukaacha kazi. Kila barua nikakuandikia kwamba mimi na Mama hatujambo, kana kwamba tumeketi meza moja. Ukirudi juu ya barua hii utaona leo sikuthubutu kutuunganisha. Nawe kila ulipopiga simu ukaniulizia, alikujibu kwamba nimetoka kidogo. Mwaka mmoja na nusu, Kaka, nimetoka kidogo.

Na Jumapili ile nilikuwa nimeahidi kwenda kumwona. Asubuhi mapema nilimpigia nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilirudi kitandani, na saa nilizolala mimi ndizo alizokaa yeye sakafuni. Nisamehe. Yeye nimeshamwomba msamaha. Alisema nikaoshe vyombo.

Chumba cha kupanga nimekirudisha. Hii ni wiki ya pili nalala kwenye kitanda changu cha zamani, miguu inachungulia nje. Bafuni nimetandika mpira usioteleza, na fundi amefunga chuma cha kushikia ukutani. Kifaa nimekifunga tena kwenye chemba, na maji yamepanda zaidi ya mara mbili. Mama anasema naoga kama bata. Jana nilijaza fomu upya, nikamuuliza kwa uangalifu wangapi walilala nyumbani usiku uliopita. Akasema wawili, ila niandike pia kwamba nyumba ina watu wanne. Fomu haina nafasi ya jambo hilo. Nimeliandika pembeni kwa penseli.

Wasalimie wenzako wote, hata wale wanaonicheka kwa ajili ya vyoo. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta. Barua ikikufikia, piga simu Jumapili, na usitaje kuanguka kwake, atanifukuza. Niulizie tu kama ulivyozoea. Nitakuwa nimekaa hapo kando yake, nikisubiri anyooshe mkono anipe simu.

Mdogo wako uliyempa jina mwenyewe,

Kiherehere