Mbwa Aliyemng'ata Tumaini

Shinyanga,
Jumanne jioni.

Mke wangu mpenzi, Mama Tumaini,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini hapo Newala hamjambo na kwamba mama ameanza kuukanyaga ule mguu. Mpe shikamoo yangu kabla ya yote. Mimi nipo, na kazi ya kinu cha pamba ni ile ile, vumbi mpaka kwenye meno. Huwa naanza na habari njema, lakini leo sina pa kuanzia ila hapa: Jumatano iliyopita Tumaini aling'atwa na mbwa. Keti kwanza, usome yote.

Mbwa mwenyewe ni wetu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utagomba. Ulipoondoka kwenda kumuuguza mama, mtoto aligoma kula, akawa anashinda kibarazani anaitazama barabara. Fundi Mwingereza wa pale kinuni alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, akanipa mbwa wake, Tobi, wa aina wanayoiita koka. Ni mfupi, rangi ya asali, masikio marefu yanaingia kwenye sahani akila. Aliniambia ni mbwa wa watoto, mpole, ila hapendi kuachwa peke yake, na ukimfokea hujikojolea kwa woga. Achanwe manyoya kila siku, na masikio yafunuliwe, yapanguswe, yakaushwe, maana hewa haiingii humo. Nilicheka moyoni. Mimi mwenyewe sichani nywele kila siku!

Lakini yule mbwa alimrudisha mtoto. Alianza kula, mradi Tobi amelaza kichwa miguuni pake. Jioni anamchana, tena kwa kitana chako, nisamehe.

Kosa ni langu. Mvua zilipoanza, kupe walimjaa. Jirani yetu Mzee Masanja, yule mwenye ng'ombe kule Samuye, alinikuta nawatoa mmoja mmoja. "Baba, unahangaika na kitana?" akanicheka. "Ng'ombe wangu wanapita kwenye josho, kupe hata mmoja humwoni. Mlete!" Nikampeleka. Tukamtumbukiza kwenye shimo la dawa ya ng'ombe mpaka kichwa, akatoka analia. Sikuyakausha masikio. Niliona hayo ni mambo ya Kizungu tu.

Baada ya siku chache akaanza kutikisa kichwa na kujificha uvunguni, hataki mtu. Jumatano Tumaini alimfuata huko huko akamshika sikio. Ndipo alipomng'ata, meno mawili chini ya kidole gumba. Nilimwosha kwa sabuni mpaka akalia kuliko alivyolia kwa kung'atwa. Hospitali wamesema sindano za kichaa cha mbwa zimekwisha, zimeagizwa Mwanza. Mpaka leo hazijafika.

Alhamisi wakaja mgambo wanaopita mitaani kuua mbwa wazururaji. "Mbwa gani huyo?" Nami kwa kubabaika nikajibu, "Ni koka." Mwenye bunduki akawageukia wenzake: "Mmesikia? Mwenyewe anasema ni koko." Akalenga. Sikumsahihisha. Nakuambia kweli, nilitamani apige.

Aliyetuwahi ni bwana mifugo, ambaye hospitali walimpelekea habari. Alikuja mbio na baiskeli, anapiga kelele, "Acheni! Akifa leo tutajuaje?" Kisha akanieleza kwamba mbwa mwenye kichaa, tangu siku aliyouma, hamalizi siku kumi. Akizimaliza yu mzima, basi hakumpa mtoto ugonjwa. Akamfunga mdomo kwa kamba, akafunua sikio. Ndani limeoza, linatoa usaha. "Huenda ni maumivu tu," akasema. Nikamwuliza, huenda? Akaniambia nimfungie na nihesabu siku.

Basi sasa namlinda mbwa niliyetaka auawe. Nimemfungia kwenye banda la kuni, nimeomba ruhusa kazini, nakaa mlangoni kwa sababu majirani wanamtupia mawe. Nasukuma bakuli la maji kwa fimbo na kusimama kutazama kama atakunywa, maana mwenye kichaa hushindwa kumeza maji. Jana hakugusa mpaka alasiri, nami sikugusa chakula. Leo amekunywa nusu bakuli.

Mtoto hajui. Ananiuliza, "Baba, Tobi amekosa nini mbona amefungwa?" Nikamwambia anaumwa sikio. Akasema, "Basi mwambie sijamkasirikia." Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Naogopa, mke wangu. Akiomba maji, namtazama koo lake linavyomeza.

Nisalimie baba mkwe, na dada yangu anayekusaidia kumgeuza mama, na shangazi mshonaji. Mama usimwambie, hali yake haitahimili.

Siku ya kumi ni Jumamosi. Barua hii itasafiri wiki mbili, lakini telegramu hufika kwa siku mbili. Tobi akifa kabla ya Jumamosi, nitapiga telegramu siku hiyo hiyo, nawe upande basi bila kungoja kitu. Kwa hiyo kama unasoma haya na hakuna telegramu iliyotangulia, mbwa yu hai, na mtoto wetu tunaye.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Tumaini