Bingwa Wetu Fusae, Aliyelisoma Fumbo Kichwa Chini

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuachie mto wako wa kukalia pale mezani, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kuukalia.

Ulifuma hariri kiwandani hapa Kiryu, ukirudi unapika, ukimaliza unaosha bafu. Jirani akiugua alikuta machenza mlangoni, wala hakuambiwa yametoka wapi. Ulikuwa mpole, lakini hukupenda kushindwa hata kidogo. Hilo tunalisema kwa fahari.

Kila Jumapili ya baridi Baba alikaa sakafuni kwenye meza fupi yenye joto chini yake, blanketi magotini, akipambana na fumbo la gazetini: miraba mitano kwa mitano, namba moja hadi tano, isijirudie hata moja mstarini, na alama za kubwa na ndogo katikati ya miraba. Wewe ulikuwa ng'ambo ya meza ukimenya machenza, gazeti limekugeukia kichwa chini.

"Hiyo tatu haikai hapo," ulimwambia siku moja. "Alama zinataka namba tatu zilizo ndogo kuliko yenyewe, na zipo mbili tu. Hiyo ya tatu utaitoa wapi?"

Baba alicheka. "Unasoma kichwa chini halafu unanifundisha? Haya, tushindane. Atakayeshindwa ataosha bafu mpaka siku atakayomshinda mwenzake."

"Usije ukalia, Baba Naoko."

Yeye bado anafuta, wewe ukamtajia namba zote, pembe hadi pembe, chenza mkononi. Tangu hapo Baba ndiye aliyeosha bafu, akilalamika mpaka mtaa mzima ukajua. Na maji ya moto ya bafu, ambayo nyumba nzima tunayaingia kwa zamu na siku zote alikuwa anaingia yeye kwanza, ukawa unaanza wewe.

Ulipoondoka tulimwambia dau limekwisha. Alikataa. "Simshindi mtu kwa sababu hayupo," alisema. Akaligeuza gazeti lielekee mto wako, akaanza kulisoma kichwa chini kama wewe. Alikosea, akafuta, akakosea tena, mwaka mzima.

Jumapili iliyopita alimaliza bila kufuta hata namba moja. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. "Sasa uko huru, Baba," mwanao Kazuhiro akamwambia, "bafu niachie mimi."

Baba alikunja suruali, akachukua brashi.

"Niachie mwenyewe," alisema. "Maji ya kwanza ni ya Mama."

Wanaokukumbuka ni mumeo Tokuji, watoto wako Naoko na Kazuhiro, mkweo Sachi, na majirani wote uliowaachia machenza.

Hatutakusahau, Mama, na hakuna aliyekushinda.