Nywila ya Kuazima

Surabaya, 4 Machi

Bagaskara mdogo wangu,

Hujambo huko Bandung? Mama hajambo, goti tu linamsumbua. Mimi usingizi umenipaa, na sababu ni wewe.

Dozi ulizobuni kujaribia programu zimeingia kwenye shina, ile nakala kuu inayotumiwa na zahanati zote. Kule Madiun karatasi ya dawa ya mtoto imetoka na dozi ya mtu mzima. Bahati muuguzi alishtuka. Na kwenye SVN, ghala letu linaloandika kila badiliko la programu na jina la aliyelifanya, kazi hiyo ina jina langu, maana daraja ulilojenga la kuleta kazi kutoka Git, ghala la timu yenu, linapita kwa nywila niliyokuazima. Mwambie bosi wangu ukweli.

Dada yako,
Ratri

Bandung, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe mama pole ya goti.

Punguza makelele kwanza. Nilikuwa kwenye tawi la majaribio, nakala ya pembeni isiyofika zahanati, nimeliona kwa macho yangu. Ghala lenu la kizee ndilo limechanganyikiwa. Nikisema ni mimi, ukuu wa timu ninaoungojea nitausikia kwa wenzangu. Wewe una miaka mingi hapo, nani atakugusa?

Mdogo wako

Surabaya, 7 Machi

Bagaskara,

Salamu baadaye. Nilikuonya jikoni kwa mama, mdomo umekujaa tempe ya soya: daraja halisomi jina la tawi, linasoma alama ya mwisho ya ghala letu iliyo chini ya kazi yako, na huko ndiko linakopeleka. Ulisogeza tawi lako hadi ncha ya shina, ukaweka dozi zako juu, ukatuma. Daraja likaona alama ya shina, likamwaga humo humo. Fundi mzima, ovyo!

Historia ya kazi hiyo kwenye Git yenu ina jina lako. Ilete. Wakubwa wamenipa hadi Ijumaa ijayo, la sivyo nafukuzwa.

Ratri

Bandung, 12 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na Idi njema ya Lebaran. Kwa niliyokosea, kwa kujua na kutojua, nisamehe ndani na nje.

Pole kwa ya kazini. Kile kipande cha historia chenye jina langu nilikifuta, nilikuwa nasafisha tu. Sasa mimi ndiye mkuu wa timu, na daraja limegoma, hakuna kinachovuka. Nielekeze, tafadhali. Nije lini kumwangukia mama miguuni kwa sikukuu?

Mdogo wako akupendaye

Surabaya, 13 Aprili

Bagaskara,

Mama hajambo. Njoo, ketupat za wali wa sikukuu zimebaki. Mimi hutanikuta.

Msamaha wako ndio salamu ambayo kila mtu hutumiana kila Lebaran; nimeusoma pia kwenye simu ya jirani, neno kwa neno. Unaomba wa yote ili usiombe ule mmoja.

Daraja lilikuwa linapita kwa jina langu. Jina hilo walilifuta siku waliyonifukuza.

Ratri