Kitunguu Juu ya Cherehani

3 Juni, mwaka wa tatu tangu niondoke

Mama, shikamoo. Miguu vipi, bado imegoma? Mimi mzima, ila mgongo unanidai kama mwenye nyumba. Tunapandisha saruji ghorofa ya sita na lifti imekufa, kwa hiyo lifti ni sisi.

Tangu uliponiambia huwezi tena kukanyaga cherehani na umeifunika shuka, sina raha. Wewe bila kushona utaugua hata pasipokuuma.

Kuna kundi kwenye simu, watu wa mji huu wanauziana vitu walivyokwisha kutumia. Vitanda, viatu, hata mlango usio na nyumba. Leo nimeona cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, inang'aa, bei ya kutupa. Mwenyewe anasema wanaoitaka ni wengi, nitume nusu ya pesa anishikie. Picha hiyo hapo. Kesho nikilipwa natuma.

Kuja nyumbani bado. Jengo likiisha nitakuja.

Mwanao kitindamimba

4 Juni

Marahaba mwanangu. Sisi hatujambo. Naandika kwa kidole kimoja, nivumilie.

Usitume hata senti. Picha ni nzuri, lakini picha haishoni. Mimi nikinunua kitambaa nashika, navuta, nanusa, mwenye duka akinuna anune. Wewe unataka kununua kivuli? Mwambie aweke kitunguu juu ya hiyo cherehani, apige picha sasa hivi. Mwenye mali hakosi kitunguu. Mwenye picha tu ndiye atakayekosa.

Ukienda kuiona, nenda mchana, penye watu, na mwenzako. Chukua kitambaa chako mwenyewe. Pesa itoke mfukoni baada ya sindano kupita.

Mama yako

19 Juni

Shikamoo mama. Nyumbani salama? Samahani kwa kimya, nilikuwa naona aibu.

Yule bwana nilimwomba picha ya kitunguu. Akajibu, "Wewe unanunua cherehani au unapika?" Nikamwambia vyote viwili. Papo hapo akanifungia njia kwenye simu, simuoni tena wala cherehani yake. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Ningetuma, mama. Nilikuwa nishakunja mikono ya shati nitume.

Tangu hapo kila muuzaji namwomba kitunguu. Mmoja kanitumia kitunguu peke yake. Leo mwanamke mmoja kaleta picha ya cherehani ya mkono, rangi imechubuka, na juu yake vitunguu viwili. Kaandika, "Baba mkwe anasema kimoja kingeona upweke."

Kesho mchana tunakutana naye sokoni, mbele ya duka la vitambaa. Naenda na mwenzangu wa kazini tunayemwita Winchi, kwa kuwa anabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo.

Mwanao

20 Juni

Mama, shikamoo. Nimerudi sasa hivi, hata viatu sijavua. Sijui nianzie wapi.

Tumemkuta yule mwanamke na baba mkwe wake, mzee kakaa kwenye benchi, cherehani mbele yake. Akasema, "Nani kati yenu ni wa vitunguu?" Nikampa mkono. Hakuuona. Mama, mzee huyo ndiye fundi mwenye cherehani, na ni kipofu.

Nikampa shati langu la kazi, lile lililochanika ubavuni. Akalipapasa. "Saruji," akasema. "Pole." Akaweka ukucha nyuma ya tundu la sindano, akasukuma uzi, ukapita mara moja. Kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua, akaanza kuzungusha. Mwenye duka alisahau kitambaa alichokuwa anapima. Winchi alivua kofia, na huyo hata kwa msimamizi haivui.

Mshono umenyooka kama uzi wa timazi tunaopimia ukuta. Mimi nina macho mawili na ukuta wangu huvunjwa nikarudia.

Nikamuuliza kwa nini anauza. "Nimeshona vya kutosha. Sasa nataka kuvaa." Naye akaniuliza nani ataitumia. Nikamweleza habari za miguu yako. Akanishika mkono akaniwekea kwenye mpini, nikazungusha. "Mimi macho, mama yako miguu," akasema. "Hii inajua kuishi na watu kama sisi. Ikilia kama panya, mwambie aipe tone moja la mafuta."

Ndipo nikatoa pesa.

Mwisho wa mwezi naipakia kwenye basi ije.

Mwanao

25 Juni

Marahaba mwanangu. Nimesoma, nimelia, nimecheka, nimesoma tena. Ukimwona fundi huyo mwambie namwamkia.

Basini usipakie. Cherehani hiyo hufungwa mezani kwa skurubu, na meza yangu inayumba tangu uondoke. Halafu kuna jambo jingine. Miaka hii yote unanitumia picha zako, unacheka, umenenepa. Nitajuaje ni za lini? Weka kitunguu kichwani, upige sasa hivi.

Mama yako

26 Juni

Shikamoo mama.

Nimejaribu. Kitunguu kinaanguka, na Winchi kila akishika simu anacheka mpaka picha inatoka ukungu. Tena umenifundisha mwenyewe, picha haishoni. Jengo litaisha bila mimi.

Weka msumari karibu na meza. Nitaipakata cherehani njia nzima. Njoo stendi unishike, univute, uninuse. Nafika Jumamosi, tarehe 6 Julai, basi la mchana.

Mwanao kitindamimba